Mlango mtupu au mlango na fremu yake? Naombeni ushauri kabla sijalipa

Sakafu_Safi

Wakuu, habari za mchana. Nina mlango umechoka, nataka kuubadilisha. Nimepewa chaguo mbili. Ya kwanza, ninunue mlango mtupu ufungwe kwenye fremu iliyopo. Ya pili, nichukue seti nzima: mlango uko ndani ya fremu yake, bawaba zimeshafungwa, kitasa kimeshachimbiwa. Seti ni ghali zaidi na fundi anasema lazima ukuta uguswe. Kila ninayemuuliza ananitajia vitu nisivyovijua, mara mwimo, mara kibati, mara silinda. Kipi bora? Nalipia kesho kutwa.

Timazi

Mlango wa wapi, mkuu? Wa nje au wa ndani? Fremu ya mbao au ya chuma? Na "umechoka" ndiyo nini: umeoza, umepinda, unagoma kufunga, au wewe ndiye umechoka kuutazama? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

BintiSeremala

Ongeza unene wa mlango wa sasa. Na picha tafadhali, ya upande wa bawaba na ya upande wa kitasa, kwa karibu. Watu hupiga mlango mzima wakiwa mbali, tunaona pazia na viatu.

Randa_Kali

Mimi sihitaji picha. Chukua seti. Mlango mpya kwenye fremu ya zamani ni kujitafutia kesi. Seti inakuja mianya yote iko sawa, unasimamisha, unakaza, umemaliza.

Timazi

Randa, "unasimamisha" umeiandika kwa neno moja wakati hapo ndipo kazi yote ilipo. Seti ikisimamishwa vibaya inakuwa mbaya kuliko mlango wa zamani. Na upana wa fremu lazima ulingane na unene wa ukuta pamoja na plasta za pande zote mbili. Ukipungua, utabaki unaziba pengo.

Sakafu, ngoja nikupe majina, maana fundi akikutajia kitu usichokijua unalipa tu.

Fremu ina miimo miwili, ndiyo nguzo za kushoto na kulia, na kizingiti cha juu kinachoziunganisha. Milango ya nje huwa na kizingiti cha chini pia, ya ndani mara nyingi haina. Ndani ya fremu kuna ngazi iliyochongwa, au ubao mwembamba uliopigiliwa, ambako mlango unagota ukifungwa. Kina cha ngazi hiyo kinafuata unene wa mlango, ndiyo maana Binti anauliza unene. Milango mingi ya ndani ni milimita 35 au 40, ya nje mara nyingi ni 44.

Mlango wenyewe ukiwa wa paneli una mbao mbili za wima pembeni, mbao za kulala juu, kati na chini, halafu paneli zimechomekwa kwenye mifereji bila gundi. Hazigundishwi kwa makusudi. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu haibadiliki kabisa, kwa hiyo paneli inaachiwa nafasi ya kucheza. Fundi akiipigia msumari ili "isigonge", itapasuka. Ukiwa wa fleshi ni ngozi mbili za plaiwudi juu ya fremu nyembamba, na ndani ama umejazwa ama ni makaratasi yaliyopangwa kama sega la nyuki.

Vya chuma: bawaba, kitasa chenye ulimi, na kibati kwenye mwimo kinachopokea huo ulimi.

Sasa funga mlango utazame mwanya kati yake na fremu. Juu na pembeni uwe milimita 2 hadi 3, sawasawa kuanzia juu hadi chini. Tuambie umeona nini.

Sakafu_Safi

Asante sana mkuu. Fremu ya mbao. Ni mlango wa ndani. Upande wa bawaba mwanya ni mkubwa juu, unapungua kwenda chini. Upande wa kitasa, juu unagusa kabisa, na kona ya chini inaburuza sakafu. Kipimo sina, tepu ameazima jirani. Picha zinagoma kupanda.

BintiSeremala

Basi huenda huhitaji kununua chochote. Hiyo ni bawaba ya juu imelegea. Uzito wa mlango unaning'inia upande mmoja, kwa hiyo bawaba ya juu inavutwa itoke na ya chini inasukumwa ndani. Mlango wa kilo 25 wenye upana wa milimita 800, bawaba zikiwa zimeachana mita 1 na nusu, unaivuta ile ya juu kwa nguvu ya karibu kilo 7, usiku na mchana, hata kama hakuna anayeugusa. Mtoto akining'inia kwenye mkono wa kitasa, fanya hesabu mwenyewe.

Toa skrubu za juu. Zikitoka kwa vidole, mashimo yamekufa. Yajaze njiti za mbao ngumu na gundi, subiri ikauke, toboa upya. Au weka skrubu ndefu zaidi, ipite fremu ishike ukutani. Kisha funga mlango uangalie mwanya tena.

Randa_Kali

Na miimo ikiwa imepinda? Atajaza njiti mpaka lini?

Timazi

Hilo ni swali zuri, na lina kipimo chake. Sakafu, funga uzi kutoka kona ya juu ya fremu hadi kona ya chini ya upande wa pili, kisha mwingine kinyume chake. Zikigusana kidogo tu pale katikati, miimo iko kwenye uso mmoja. Zikiachana, au mmoja ukiusukuma mwenzake, fremu imejikunja. Hapo hata ukinunua mlango mzuri namna gani, utagota juu na chini utaacha nafasi, halafu watu watasema mlango ndio umepinda.

MamaWawili

Mimi nataka kueleza yaliyonikuta kwa hiyo habari ya "mlango mtupu, fremu ya zamani".

Tulikuwa na mlango mwepesi wa fleshi, tukanunua wa mbao nzima, wa paneli, mzito kweli. Fundi akaja, akautazama, akasema hakuna shida. Fremu ilikuwa imechongwa kwa mlango wa milimita 35, wetu ulikuwa 44. Milimita 9 zikabaki nje ya fremu. Ulimi wa kitasa haukukutana na tundu la kibati. Badala ya kuongeza kina cha ile ngazi ya kwenye fremu, akachimba tundu jingine pembeni ya lile la mwanzo, kwa hiyo pale kwenye kitasa mwimo ukabaki na kaukuta kembamba unaoweza kuuvunja kwa goti.

Bawaba akarudisha zilezile mbili za zamani, za milimita 75. Mlango ukaanza kushuka mapema tu. Akarudi, akakaza.

Rangi alipiga mbele na nyuma. Juu na chini hakugusa, kwa sababu "hapaonekani". Ikaja mvua, mbao ikanywa unyevu kupitia hizo kingo mbili, mlango ukavimba ukagoma kufunga. Akaja na randa. Akairanda upande wa kitasa! Kile kibati cha uso wa kitasa kikabaki kimechomoza, akaondoa kitasa, akachimba ndani zaidi, tundu la ufunguo likapitwa, akalipanua. Jua lilipowaka mlango ukasinyaa, mwanya ukawa wa kupitisha kidole, na ulimi ukawa unashika kwa ncha tu. Ukipiga chafya unafunguka.

Sisemi msinunue mlango mtupu. Nasema kabla randa haijatoka kwenye mfuko, fundi akwambie anaranda upande gani na kwa nini.

BintiSeremala

Pole, dada. Huyo alikosea kuanzia kwenye unene, mengine yote yalifuata. Kupunguza upana, unaranda upande wa bawaba, unazamisha bawaba zaidi, kitasa hakiguswi. Na mlango upakwe kote: mbele, nyuma, na kingo zote nne, za pembeni, ya juu na ya chini. Ile ya chini ndiyo inayokunywa maji ya deki kila siku.

Wa fleshi una mtego mwingine. Mbao ya pembeni ndani yake ni nyembamba, kwa hiyo ukiranda kupita kiasi unafika kwenye makaratasi. Na kipande cha mbao cha kushikia kitasa huwekwa sehemu maalumu, mara nyingi upande mmoja tu. Kuna alama kwenye ukingo. Ukigeuza mlango unatoboa hewa.

Randa_Kali

Ndiyo maana nasema seti. Na bawaba ziwe tatu, ya tatu katikati kabisa. Mbili ni uchoyo.

Timazi

Tatu sawa kwa mlango mzito. Ila si lazima katikati. Tatizo likiwa uzito, ya tatu inafaa ikae karibu na ile ya juu, wagawane ule mvuto. Katikati inasaidia mlango usipinde tumbo.

Randa_Kali

Nimefunga milango mingi kuliko machapisho yako humu, zote tatu katikati, hakuna aliyerudi kulalamika.

Timazi

MamaWawili naye fundi wake alisema hakuna shida.

UfunguoMmoja

Jamani amani. Akichukua seti, swali ni moja: mkono wa kulia au wa kushoto? Seti haigeuziki kirahisi. Unasimama upande ule unaoona bawaba. Zikiwa kushoto kwako, mlango ni wa kushoto.

Randa_Kali

Hapana. Unasimama nje.

UfunguoMmoja

Nje ni kwa Wamarekani, nao wana jina lingine tena mlango ukifunguka kuja kwako. Kanuni ya Kijerumani ni kama nilivyosema.

BintiSeremala

Ndiyo maana sisi hatuandiki kulia wala kushoto kwenye oda. Tunachora: ukuta, bawaba, na tao la mlango unapofungukia. Mchoro hauna Mjerumani wala Mmarekani.

UfunguoMmoja

Kuhusu kitasa, msikidharau. Vile vya vibao vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo vina historia ndefu. Fundi Robert Barron aliandikisha uvumbuzi wake Uingereza mwaka 1778. Vya silinda yenye pini (silinda ni kile kipande kinachochomoka, ambamo ufunguo unaingia) ni vya Linus Yale, Marekani, 1861, na ndivyo vimetawala. Uzuri wa silinda ni kwamba ufunguo ukipotea unabadilisha silinda tu, kitasa kinabaki. Ipime kutoka katikati ya skrubu inayoishikilia kwenda kila upande, kwa sababu pande mbili zinaweza kutofautiana, mfano 35 na 45. Kwa mlango wa nje isichomoze zaidi ya milimita 3 nje ya bamba lake. Ikichomoza inashikwa kwa koleo na kukatwa katikati.

Na mlango wa nje uwe na kishikio cha kuzungusha kwa vidole upande wa ndani, badala ya ufunguo. Moto ukiwaka hutaki kutafuta ufunguo kwenye moshi.

MamaWawili

Hilo la moto ni kweli. Ila mtu akivunja kioo cha pembeni si anaingiza mkono anazungusha?

UfunguoMmoja

Kama kuna kioo karibu, ndiyo. Hapo unachagua hofu yako.

Timazi

Mlango ukipigwa teke kinachokatika kwanza mara nyingi ni mwimo pale kwenye kibati, kitasa kinabaki kizima. Skrubu za kibati zinazokuja kwenye boksi ni fupi. Weka za milimita 75 zifike ukutani. Lakini Sakafu alisema wake ni wa ndani, tunamhangaisha bure.

Sakafu_Safi

Nimewasoma wote, asanteni. Skrubu mbili za juu zimetoka kwa vidole kama alivyosema dada Binti. Uzi nimefunga, naona zimegusana, ila ulikuwa uzi wa kushonea, sijui kama unafaa. Chini mlango umekuwa laini, ukibonyeza kidole kinaingia. Ni wa bafuni. Kwani bafuni kuna tofauti?

Timazi

!!!

BintiSeremala

Kuna tofauti yote, kaka. Kidole kikiingia mbao imeoza, njiti hazitasaidia hapo. Bonyeza na miimo yenyewe, hasa sentimita za mwisho karibu na sakafu. Miimo ikiwa migumu, mlango mtupu unatosha. Ikiwa laini, Randa ameshinda. Na wa fleshi wenye makaratasi usiuweke bafuni kabisa, plaiwudi yake itaachana.

Randa_Kali

Nimeshinda tangu mwanzo. Bafuni weka alumini usahau.

UfunguoMmoja

Kitasa cha bafuni kiwe na kile kimkato cha nje cha kufungulia kwa sarafu, mtoto akijifungia. Na chini acha mwanya wa kama milimita 10 hewa ipite.

MamaWawili

Ufungukie nje. Mtu akianguka ndani akalalia mlango hamwezi kuusukuma.

Randa_Kali

Ufungukie nje umgonge anayepita kwenye korido? Ndani.

MamaWawili

Aliyegongwa atapona.

Timazi

Kabla hamjapigana: ukigeuza uelekeo kwenye fremu ileile, ile ngazi iliyochongwa inakuwa upande usiofaa, na bawaba zinahamia ukingo mwingine. Kwa hiyo swali la fremu linarudi palepale. Sakafu, umebonyeza miimo?

Kimya_Kingi

Samahani kuingilia, sitaki kufungua mada mpya. Bawaba zangu zinalia usiku mtu akienda chooni. Nimeweka mafuta ya kupikia, zikanyamaza, sasa zinalia zaidi na zinatoa kitu cheusi.

BintiSeremala

Mafuta ya kupikia yanaganda na kushika vumbi. Chomoa pini moja moja, mlango ukiwa umefungwa, anza na ya chini. Futa, sugua kutu, paka grisi kidogo, rudisha. Kwenye silinda usiweke grisi wala mafuta mazito, weka unga wa grafaiti.

Kimya_Kingi

Pini hazina kichwa cha kuchomolea. Zimezibwa juu na chini.

Randa_Kali

Weka picha.