Mrejesho: Nebula ya Orioni nimeipata kwa tripodi tu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini nyota zangu zinatoka vijimstari badala ya nukta, nikitumia kamera ya kawaida, lenzi ya mm 50 na tripodi, shata wazi sekunde 20.

Mliosema dunia haisimami kunisubiri, inazunguka shata ikiwa wazi, mlikuwa sahihi. Nilishusha hadi sekunde 4, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, nikapiga picha 180 mfululizo, zote RAW (faili ghafi za kamera). Moja moja zilikuwa giza na chenga tupu. Nilipozirundika (kuziunganisha ziwe picha moja) kwa programu ya Siril, wingu la M42, yaani hiyo Nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi angani, likajitokeza, waridi pembeni, katikati limeungua kwa weupe (najua, najua). Mwanga huo umesafiri zaidi ya miaka 1,300!

Kilichonitesa ni fokasi. Ile alama ya infiniti (ya vitu vya mbali kabisa) kwenye lenzi ni mwongo mkubwa. Nililenga nyota angavu ya Rigel, nikaikuza kwenye skrini mara 10, nikazungusha pete kidogo kidogo mpaka ikawa nukta, kisha nikabandika utepe isisogee.

Picha 40 za mwisho nilizitupa kabla ya kurundika. Umande ulishika kioo cha lenzi, nami nikagundua wakati nafungasha.