Kuona Milima ya Livingstone na samaki wa mawe kutokea majini: meli ya Kyela au boti ya Matema?

Mdau_Kihesa
Wakuu, habari za majukumu. Tuko sita hapa Iringa, tunataka kwenda Ziwa Nyasa kuangalia milima, ndege na wale samaki wa rangi wa kwenye mawe. Tupande meli ya abiria au tukodi boti? Na miezi gani ziwa linatulia? Darubini na kamera tunazo.

Ndizi_Tukuyu
Mkuu, inategemea mnataka kuona nini. Meli ni ya mandhari. MV Mbeya II inabeba abiria 200, ukielekea kusini kaa kushoto, huko ndiko kuliko nchi yetu. Uso wa ziwa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, vilele vinapita 2,000, na sehemu nyingi hakuna tambarare katikati: mlima unashuka moja kwa moja majini. Ila samaki na ndege wadogo msahau, meli haisogelei mawe. Na kabla ya kuondoka Iringa pigeni simu bandarini kuuliza siku na mahali pa kupandia. Bandari ya Itungi hujaa mchanga, kwa hiyo ya Kiwira ndiyo hutumika, na ratiba hubadilika.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni jua. Milima iko mashariki ya ziwa. Asubuhi jua liko nyuma yake, picha inatoka nyeusi tii. Kuanzia saa tisa alasiri ndipo mwanga unapiga uso wa mlima na makorongo yote yanaonekana.

FundiInjini_Kyela
Hapo kwenye saa tisa ndipo penye kazi, maana mara nyingi ziwa hutulia asubuhi na upepo huamka mchana. Ushauri wangu: boti mtoke saa 12 na nusu asubuhi, mrudi kabla ya saa tano, halafu picha za milima mpige jioni mkiwa ufukweni Matema. Hamtapoteza kitu.

Mei hadi Agosti mwera unavuma kutoka kusini. Matema iko mwisho wa kaskazini wa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo wimbi linafika limeshakua njiani. Machi na Aprili Kyela ni mvua tupu. Septemba hadi Novemba ndiyo nafuu, ingawa Septemba na Oktoba moshi wa mashamba huficha vilele. Mvua za kwanza zikishaosha hewa, mlima unaonekana hadi mti mmoja mmoja.

Mafuta: injini ya nguvu za farasi 15 ya kuchanganya oili, ikikimbizwa, inakula lita 6 hadi 7 kwa saa. Gawa mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiguswe. Jaketi okozi kila mtu avae, siyo zikaliwe kama mito. Makasia mawili yawemo hata kama injini ni mpya. Na upande wa milima kina kinaanza karibu mno na ufukwe, nanga haishiki. Nahodha afunge kamba kwenye mwamba au aache injini ikinguruma.

Mzee_wa_Usipa
Kwa samaki, nendeni kwenye mawe ya kuelekea kijiji cha Ikombe. Kwenye mchanga mtawakosa. Miwani ya kuzamia inatosha, kina cha mita 2 hadi 5. Utawaona wameinamisha vichwa wakikwangua ukoga kwenye jiwe, wa bluu, wa njano, wa milia. Jike mwenye kidevu kilichovimba na asiyekula amebeba mayai au vifaranga mdomoni. Usimfukuze, akishtuka anaweza kuwatema na wenzake wakala.

Ndege: kwazi, yule tai mwenye kichwa cheupe, hukaa juu ya mti uliokauka karibu na maji. Mnandi husimama mwambani ametanua mbawa zikauke. Mamba na viboko hupenda midomo ya mito, hivyo hapo hakuna kuogelea wala kuteremsha miguu.

Mkifika Ikombe nunueni vyungu vya Wakisi, ila bebeni majani makavu ya kufungia. Boti ikipiga wimbi moja baya mnarudi na vigae.

Kisiba77
Mkiona kama nguzo za moshi katikati ya ziwa, siyo moto. Ni visubi wa ziwani. Hawaumi, ila wanaingia puani na machoni, nahodha ayazunguke mawingu yao. Usiku wakifika ufukweni zimeni taa.

Mdau_Kihesa
Asanteni sana wakuu. Na kichocho je?

FundiInjini_Kyela
Kipo. Epukeni maji yaliyotulia yenye majani, ndiko konokono wanaokieneza wanakopenda, lakini hata penye mawe usijipe uhakika. Pimeni miezi miwili hadi mitatu baada ya safari. Mkipima wiki ya kwanza mayai ya minyoo yake hayajaanza kuonekana, mtaambiwa mko salama kumbe bado. Na neti mbebe, Kyela malaria haina msimu.