Kituo cha afya wanakalisha wanaokohoa benchi moja na watoto wa chanjo, hivi hii ni akili kweli?

Wakuu naandika nikiwa na hasira, nikikosea kosea mtanivumilia.

Dogo alikuwa anakohoa karibia mwezi, usiku anatoka jasho mpaka shuka unalikamua, suruali zote zinamvuka, na duka la dawa wanamuuzia sirapu tu chupa baada ya chupa. Nikamburuta mpaka kituo cha afya cha huku kwetu Dar. Foleni iko koridoni, giza, madirisha yamepigwa misumari eti wezi, na hapo hapo kuna wamama na vichanga wanasubiri chanjo. Ukutani bango kubwa linasema ukikohoa wiki mbili kapime TB, ila masaa manne tumekaa hakuna hata mmoja aliyepita kuuliza "nani anakohoa hapa?" Swali moja tu!! Unamtoa nje, unampa barakoa, unamtanguliza kwa dokta, basi. Nje kuna mwembe na upepo wa bure kabisa. Mama mmoja kila dogo akikohoa anamfunika mwanae kanga usoni, yani aibu nikaona mimi badala ya wao.

Makohozi wakachukua alhamisi. Ile mashine ya kupimia TB, jinieksperti, inatoa majibu kwa masaa mawili hivi, sisi tukaambiwa njooni jumatatu, kwahiyo siku zote hizo anapanda daladala na analala chumba kimoja na wanangu. Jumatatu ndo TB hiyo.

Dawa kapewa bure, miezi 6, hapo siwasemi, na nesi wa dirisha la TB ni mtu wa watu, alimuambia mpaka mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa asije akakimbia dawa.

Sasa kinachoniuma. Nina mtoto wa miaka 3 ndani. Mtoto wa chini ya miaka 5 aliyekuwa anaishi na mgonjwa anatakiwa achunguzwe, akikutwa hana anaanzishiwa dawa ya kinga, huo ni utaratibu wao wenyewe sijautunga mimi. Wakachukua namba yangu na jina la mjumbe, wiki ya tatu hii kimya. Nimewafuata, naambiwa mhudumu wa jamii wa kuja nyumbani hajapewa nauli. Nauli ya nini wakati kwangu ni dakika kumi kwa mguu?? Nikambeba mtoto nikampeleka mwenyewe, eti "si ana kovu la BCG huyo", kwani hiyo chanjo ya TB ndo imefuta kulala na mgonjwa mwezi mzima?

Alafu 24 Machi, siku ya TB duniani, ikifika utaona tisheti, maturubai, spika na mgeni rasmi. Hela ya turubai moja haing'oi misumari ya yale madirisha?

Kuna ambao kwao walifuatwa nyumbani familia nzima ikapimwa? Na huyu wa miaka 3 nimpeleke wapi kesho asubuhi? Wa kitunguu saumu na mwarobaini naomba mpite tu.