Mikopo ya asilimia 10: mheshimiwa diwani naye ni "kijana" na mkewe ni "kikundi"?

Wakuu, hili la kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa limetosha. Sheria tangu 2018 iko wazi: halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (ukiondoa yale yaliyolindwa, yaani yaliyokwisha kupangiwa matumizi maalumu), 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Bila riba. Mapato hayo yakiwa bilioni 2, hapo kuna milioni 200 kila mwaka. Sasa nenda kwenye kata uulize wauza mbogamboga nani kazipata.

Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa baada ya ripoti za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuanika vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Mwaka uliofuata ikarudishwa, halmashauri 10 zikawekwa za majaribio kupitia benki. Vizuri. Ila barua ya utambulisho bado inaanzia mtaani, na mtaani ndiko mchezo unakopikwa.

Kikundi hewa hakihitaji akili nyingi. Jina halikosi Upendo au Tumaini. Katiba inanakiliwa ya kikundi cha kata jirani, wanabadilisha ukurasa wa kwanza na wakati mwingine wanasahau kubadilisha wa tatu. Wanachama ni shemeji, binti wa kazi, dereva wa mheshimiwa, na mpwa anayesoma chuo mkoa mwingine. Muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo una saini kumi za kalamu moja, zote zimelalia kushoto, "g" zote zina mkia uleule. Mtendaji anagonga muhuri. Afisa maendeleo wa kata anaandika "nimewatembelea". Kisha faili linatua kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni nani? Diwani huyohuyo! Anajiuliza, anajijibu, anajipongeza.

Siku ya ukaguzi ndiyo sinema yenyewe. Kuku wanaazimwa. Cherehani moja nyeusi yenye mfuniko uliovunjika kona inapigwa picha kwenye mafaili matatu, kitambaa tu ndicho kinabadilishwa. Wakaguzi wana gari moja na vikundi 14 vya kuona kabla ya saa kumi, nani atahesabu vifaranga?

Pesa ikiingia akaunti ya kikundi, watia saini wanaongozana benki, inatoka yote ndani ya siku mbili. Kuna fungu la waliogonga mihuri. Kubwa linakwenda kwenye bati na nondo za nyumba ambayo kila mtu kwenye kata anaijua. Marejesho yanalipwa mwezi mmoja au miwili ya mwanzo, kwa ajili ya picha, halafu kimya. Na hapo ndipo kinachouma: mfuko huu ni wa kuzunguka. Mheshimiwa asiporejesha, vijana wa bodaboda wenye kikundi halisi, pikipiki halisi na vitambulisho vya NIDA wanaambiwa "bajeti imeisha, subirini robo ijayo". Wakirudi wanaambiwa hawajakidhi vigezo.

Ile asilimia 2 sitaki hata kuigusa. Mtu anaitwa, anapigwa picha na fimbo yake, anapewa soda na nauli. Deni linabaki kwa jina lake.

Wapo chawa watakaosema sasa kuna mfumo wa kielektroniki. Mfumo unasoma kilichojazwa na mtu, mkuu. Haujui kwamba binti wa kazi hajawahi kuomba mkopo.

Dawa ipo, na haihitaji semina ya siku tatu yenye posho. Majina ya wanachama wote, kiasi na tarehe ya marejesho vibandikwe ofisi ya mtaa kabla ya pesa kutoka, wiki mbili nzima. Majirani watamtambua mpwa wa mheshimiwa haraka kuliko TAKUKURU. Mashine na pikipiki zilipwe moja kwa moja kwa muuzaji. Diwani atoke nje ya kikao faili la nyumbani kwake linapojadiliwa.

Mwenye picha ya orodha ya vikundi kwenye ubao wa kata yake aiweke hapa. Ukikuta ubao una tangazo la chanjo ya mifugo la 2022 peke yake, piga picha hilohilo.