Mada: TBC Taifa irudishiwe vipindi vya RTD?

Kobe wa Kilosa: Wakuu, tujadili bila matusi. Jana usiku nimefungua redio moja, mtangazaji anacheka peke yake, anapiga wimbo, anacheka tena. Nikaikumbuka RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, redio iliyozaliwa na uhuru: ngoma za Mzee Morris, taarifa ya habari, kisha Mazungumzo Baada ya Habari, sauti ya mtangazaji Sozigwa hiyo, mtoto hathubutu kukohoa. Hoja yangu: TBC Taifa, redio ya taifa ya leo, irudishe vipindi vya Mama na Mwana, Malenga Wetu, Pwagu na Pwaguzi. Kukimbizana na redio binafsi kina Clouds iwaachie wenyewe.

bintiUbungo: Enzi hizo ungehamia wapi? Redio binafsi zimekuja baada ya sheria ya 1993. Radio One ilipoingia 1994 wasikilizaji wakahama, na watangazaji nao wakahama, Nyaisangah mmojawapo. Mliipenda RTD kama mfungwa anavyopenda ugali wa gerezani. Na zile kadi za salamu zilizosomwa redioni sasa! Watu wasio na kazi wanasalimiana nchi nzima.

Mzee Kibatari: "Watu wasio na kazi"? Binti, hata shikamoo sikudai, ila hapo umenikanyaga. Nilikuwa karani wa pamba Shinyanga, kadi za salamu nikinunua kwa mshahara wangu. Simu ipo posta, foleni mpaka nje. Kadi yako ikisomwa, mama yako kule Songea anajua mwanawe mzima. Mke wangu mwenyewe jina lake nililisikia redioni kabla sijaiona sura yake.

bintiUbungo: Kwa hiyo mzee unakiri redio ya taifa uliitumia kutongozea.

Mzee Kibatari: Kwa staha! Kwa jina kamili na S.L.P.! Siyo ninyi mnaotumiana vikatuni vya moyo saa nane za usiku.

Fundi Redio: 😂 Betri za National tulianika juani ili zifike saa ya salamu. Ila Kobe, hapo kwenye uhuru umeteleza. Ilianza 1951, Mwingereza yupo, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. 1956 ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika, kifupi chake TBC. RTD ni 1965. Yaani jina la TBC ni kongwe kuliko hilo RTD unalolililia.

Kobe wa Kilosa: Fundi, miaka kaa nayo. Mimi nataka huyu dada aniombe radhi kwa kuniita mfungwa. Baba yangu alijenga taifa hili.

bintiUbungo: Baba yako alijenga, wewe ulisikiliza redio.

Mwanakwetu77: Hamjagusa la maana. NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Mlimani Park, wote walirekodi studio za RTD, santuri zikachapwe Nairobi. Miaka ya 70 muziki wa kigeni ukazuiwa redioni, bendi zetu zikapata nafasi. Leo redio ya taifa ina hazina ya kanda ambayo hakuna redio binafsi inayoweza kuinunua. Kipindi kimoja tu kila siku, wimbo na kisa chake, kingetosha. Muundo wa zamani wote wa nini?

Fundi Redio: Mkuu subiri, hili la kutongoza halijaisha. Mzee, shemeji alijibu kwa kadi au kwa barua?

Mzee Kibatari: Kadi. Aliniweka jina la nne, baada ya wajomba. Nikajua mambo yameiva.

Kobe wa Kilosa: Jina la nne! Hiyo ni heshima ya jirani, mzee.

Mzee Kibatari: Wewe hukuwahi kuwekwa hata la kumi, ndiyo maana una hasira na watangazaji wanaocheka.

bintiUbungo: Mzee nimekukubali. Mimi ni binti wa Ubungo, salamu ziwafikie Mzee Kibatari popote alipo, mkewe jina la nne, Fundi Redio na betri zake, Mwanakwetu na kanda zake, wajomba wote wa Songea, na Kobe japo amenuna. Ujumbe: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mzee Kibatari: Umekosea. Anaanza mke wangu, mimi nafuata. Na S.L.P. hukuweka. Kadi hiyo haisomwi.