Fomu imerudi NYEUPE! Sehemu 23 zimefutwa kisa nafasi kati ya tarakimu za namba ya simu

Wakuu, mnamjua mjenzi wa tovuti ninayemsema. Simtaji, na hakuna haja, maana nusu ya jukwaa hili imeshalizwa na tovuti yake.

Fomu ina sehemu 23. Jina, anwani, simu, viambatisho viwili, maelezo marefu kama wosia. Unabonyeza "Wasilisha". Inazunguka, inazunguka, mtoto anazaliwa mpaka anaota meno, halafu inarudi NYEUPE. Juu kabisa kuna maandishi mekundu madogo kama mayai ya chawa: "Kuna kosa." Kosa gani? Liko wapi? Kimya.

Kosa lenyewe ni nafasi! Namba ya simu imeandikwa kwa kuachanisha tarakimu tatu tatu, jinsi watu wanavyoandika namba ili waihakiki kwa macho. Kuondoa nafasi ni mstari mmoja wa msimbo. MMOJA. Seva ingeziondoa kimyakimya na maisha yakaendelea. Badala yake imefuta sehemu 22 zilizokuwa sahihi ili kuiadhibu moja.

Msiniambie ni kazi ngumu. Seva ilishapokea kila kitu! Inapoutengeneza ukurasa upya inatakiwa irudishe kila jibu kwenye kisanduku chake, isipokuwa neno la siri. Viambatisho ndivyo kivinjari hakikubali virudishwe, kwa sababu za usalama, ndiyo maana hupakiwa peke yake mara tu vinapochaguliwa, havisubiri fomu nzima. Kosa liandikwe chini ya kisanduku chenye kosa, kwa maneno yanayosema la kufanya: "Namba imepungua tarakimu moja." Rangi nyekundu peke yake haitoshi, kuna watu hawaitofautishi na kijani. Na ujumbe uunganishwe na kisanduku kwa alama ya msimbo iitwayo aria-describedby ili asiyeona ausikie kwenye kisoma skrini.

Nyeupe, wakuu. Sehemu 23. NYEUPE.

KalamuNyekundu: Punguza povu mkuu. Maelezo marefu yanaandikwa pembeni kwanza, ndipo unanakili na kubandika. Unaanzaje kuiamini fomu?

Mleta uzi: Yaani mzigo wa mjenzi abebe mtumiaji? Kuhifadhi rasimu kwenye kivinjari kwa sessionStorage (hifadhi ya muda ya kivinjari chenyewe) ni mistari michache tu, kila kisanduku kikibadilika unahifadhi, fomu ikipokelewa unafuta. Hata kikao kikiisha muda, majibu yapo. Huyu hakufanya hilo wala lile. Imerudi nyeupe!

FundiWaya: Hujafika kwenye tarehe ya kuzaliwa wewe. Kalenda inafunguka mwezi huu na haina pa kurukia mwaka. Mwenye miaka 40 abonyeze mshale wa nyuma mara 480, kidole kiote sugu! Tarehe ambayo mtu anaijua kichwani inataka visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Kalenda ni ya kuchagua siku ya karibu ambayo mtu anataka aone imeangukia Jumatatu au Jumamosi. Basi.

PikseliMoja: Na lebo je? Hakuna hata moja. Kaweka maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku, ukianza kuandika yanapotea, ukirudi kuhakiki hujui kipi kilikuwa jina la kwanza na kipi la ukoo. Kijivu chenyewe kina namba ya rangi #AAAAAA, tofauti yake ya mwangaza na nyeupe haifiki hata 2.5 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, unadai 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Angeshuka tu mpaka kijivu kilichokolea zaidi, #767676, angekuwa amepita. Lebo ikae juu ya kisanduku, ionekane muda wote.

Mchana_Kweupe: Mleta uzi tumekuelewa, ni nyeupe. Ungeruka hiyo nafasi ungekuwa umeshamaliza.

Mleta uzi: Nafasi SI kosa! Ndiyo hoja yenyewe!

SautiYaKiboko: Mimi kilio changu ni neno la siri. Wamezuia kubandika eti usalama. Matokeo yake watu wanaacha programu za kutunza maneno ya siri na kuandika majina ya watoto wao. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uitwao SP 800-63B, tangu 2017 unasema kubandika kuruhusiwe. Sasa hawa wanamlinda nani?

FundiWaya: Ongeza na hili: maandishi ndani ya visanduku ni pikseli 13. Chini ya 16, Safari ya iPhone inaukuza ukurasa wenyewe ukigusa kisanduku, kitufe kinatokomea nje ya skrini. Wajenzi wakiliona hilo wanakimbilia kuweka user-scalable=no, yaani wanamnyang'anya asiyeona vizuri uwezo wa kukuza, badala ya kuandika 16. Hasira zinanipanda.

PikseliMoja: Ukurasa wenyewe unaruka kama panzi. Unalenga "Endelea", picha inatua juu yake, kidole kinaangukia "Futa". Picha zote hazina upana na kimo kwenye msimbo, kivinjari kitajuaje kiache nafasi kiasi gani?

Mchana_Kweupe: Ile picha ya juu ina MB 6. Sita! Inashuka vipande vipande kama pazia bovu.

KalamuNyekundu: Hapo nauliza kwa dhati, picha kama ile unaipunguza vipi bila kuiharibu?

PikseliMoja: Ipunguze upana mpaka pikseli 1600, ihifadhi kama WebP (aina ya faili jepesi la picha) kwa ubora wa 75 hadi 80. Mara nyingi itashuka chini ya KB 300 na jicho halitaona tofauti. Tengeneza na ya pikseli 800 kwa ajili ya simu, uzitaje zote mbili kwenye srcset, orodha ya saizi ndani ya msimbo wa picha, kivinjari kitachagua.

KalamuNyekundu: Na loading="lazy", ile ya kuchelewesha picha mpaka mtu aikaribie, niweke kwenye zote?

PikseliMoja: Hapana! Ile ya juu kabisa iache bila hiyo, la sivyo unaichelewesha picha ambayo mtu anaisubiri kwanza. Weka kwenye zile za chini tu, ambazo hazionekani mpaka mtu ateremshe ukurasa.

KalamuNyekundu: Kumbe ndiyo maana. Naenda kuitoa sasa hivi.