Naomba ushauri: sala zangu zimekuwa kavu, je, niziache hadi hamu irudi?

Mleta mada
Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa, nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, nimepokea Kipaimara, na Misa ya Dominika siikosi pasipo sababu nzito. Hata hivyo, kwa muda mrefu sasa ninaposali Masifu ya Asubuhi, yaani sala rasmi ya Kanisa ya asubuhi yenye zaburi, maneno yanatoka mdomoni huku moyo umenyamaza, na baada ya baraka ya mwisho huondoka kanisani bila kusalimiana na mtu. Kwa kuwa naogopa kumheshimu Mungu kwa midomo tu, ninafikiria kuacha Masifu hadi hamu inirudie. Je, ni sahihi?

Mchangiaji wa kwanza
Milele na milele, amina. Ndugu yangu, nakusihi usiache. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kanuni zake za kupambanua roho, yaani kutambua kinachousukuma moyo kumwelekea Mungu au kumwacha, anafundisha kwamba mtu aliye katika ukavu asibadili azimio aliloliweka wakati wa faraja. Tena anashauri kwamba yule ambaye saa ya sala inamwelemea aongeze dakika chache juu ya muda aliojipangia, badala ya kuupunguza. Mtakatifu Teresa wa Avila, ambaye mwaka 1970 alitangazwa kuwa Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yanafaa Kanisa zima, anakiri kwamba kwa miaka mingi hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu mkononi, na kwamba zipo nyakati alizotamani tu saa ya sala iishe. Kuhusu midomo, Nabii Isaya anawakemea watu walioridhika kuwa mbali na Mungu, ilhali wewe unahuzunika kwa umbali huo, na huzuni hiyo yenyewe naiona kuwa ni sala.

Mchangiaji wa pili
Naunga mkono, na ninaongeza jambo moja. Masomo ya Dominika yamepangwa kwa mzunguko wa miaka 3: Mwaka A tunamsikiliza zaidi Mathayo, Mwaka B Marko, na Mwaka C Luka, huku Yohana akisikika hasa Kwaresima na Pasaka. Basi anza kuisoma Injili ya Dominika ijayo tangu Jumatatu, kwa hatua zilizoelezwa na Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele ya Mungu. Usikimbilie kuimaliza sura. Chukua, kwa mfano, jibu la Petro katika Luka 5:5, baada ya usiku mzima wa kuvua bila kupata kitu: "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Petro hasemi kwamba ana hamu, anasema amechoka, na bado anatii. Kaa na sentensi hiyo juma zima, nawe utashangaa jinsi homilia itakavyokukuta umeshaandaliwa.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Sasa nisaidieni kuhusu ushirika, yaani kule kuondoka kwangu kanisani bila kusalimiana na mtu, kwa maana mimi ni mtu wa kimya na siwezi kusimama mbele za watu.

Mchangiaji wa tatu
Si lazima usimame. Matendo 2:42 yanataja mambo manne ambayo Wakristo wa kwanza walidumu nayo: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali, wewe umepungukiwa na ushirika tu. Omba kufuatana na wahudumu wanaowapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu. Mara nyingi mgonjwa huuliza Injili ilihusu nini na padre alihubiri nini, na ukishaulizwa hivyo, Dominika inayofuata utasikiliza kwa niaba ya watu wawili. Sijaona huduma inayomfaa zaidi mtu mkimya.

Mchangiaji wa nne
Msisahau Kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, uliagiza kuungama walau mara moja kwa mwaka, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa. Ni vema zaidi kila mwezi, kwa padre yuleyule anayekufahamu. Mweleze pia ukavu huu, kwa sababu wakati mwingine chanzo chake ni uchovu au msiba ambao mtu hajauomboleza, na wakati mwingine ni dhambi iliyozoeleka, nayo kila hali ina ushauri wake. Usisubiri foleni ya kuungama ya Jumamosi, ambapo kila mtu hupata dakika chache. Omba miadi ili mzungumze kwa utulivu.

Mleta mada
Nimepokea. Masifu nitaendelea nayo, na miadi nitaiomba baada ya Misa ya Dominika hii.